Tukidai Mshahara kwa Pamoja: Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Mwezi huu barua nyingi zilizotufikia ni za madai ya mishahara. Zimetoka Ilemela, Nyamagana, Ukerewe na Sengerema, na ingawa kila mwandishi ana mwajiri wake na kisa chake, swali linarudi lile lile: tuliodhulumiwa tukiwa wengi, tunaweza kwenda kudai tukiwa wengi? Nimechagua barua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu mambo yake yanawagusa karibu wote, na majibu mengine yataegemea hapo.

*Ndugu Mwandishi, sisi ni wafanyakazi 31 wa kiwanda cha kuchakata samaki, wengi wetu wanawake wa kukata na kufungasha minofu ya sangara. Hatujalipwa miezi miwili, na wa tatu unaelekea kwisha. Tunaambiwa samaki wamepungua ziwani na mnunuzi wa nje amechelewesha fedha. Baadhi yetu tuliingizwa na wakala na hatujawahi kuona mkataba. Majina yetu yamo kwenye daftari la msimamizi wa zamu tu. Tunataka kushtaki pamoja ili tusionewe mmoja mmoja. Je, sheria inaruhusu? Na kila mtu atafute wakili wake? — Mkata minofu, Ilemela*

Dada, pole kwa wewe na wenzako. Nianze na hilo la samaki kupungua, maana nimelisikia mara nyingi mno. Ni kweli kwamba sangara hawapatikani kama zamani na kwamba viwanda vya mwambao huu vimepata shida kwa ajili hiyo, lakini hayo ni mazungumzo ya mwajiri na benki yake. Minofu mliyokata imekwisha kukatwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 27, inamtaka mwajiri alipe ujira siku ya malipo iliyokubaliwa, na haimpi ruhusa ya kungoja mpaka mnunuzi wake amlipe.

Kudai kwa pamoja kunaruhusiwa. Mlango wa kuingilia ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo ina ofisi Mwanza, na karatasi ya kuanzia ni Fomu Na. 1 ya Tume. Kanuni za usuluhishi na uamuzi za mwaka 2007, zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Na. 64, zinasema kwamba wafanyakazi zaidi ya mmoja wakifungua mgogoro kwa pamoja, mmoja wao aliyepewa idhini na wenzake anaweza kutia saini nyaraka kwa niaba yao, ila ni lazima iambatanishwe orodha ya waliompa idhini hiyo, nayo iwe imetiwa saini na wale ambao majina yao yamo. Nakala ya fomu afikishiwe mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea uende pamoja na fomu Tume.

Ni hapo kwenye orodha ambapo madai mengi ya pamoja huvunjikia. Niliwahi kuletewa orodha moja niipitie kabla ya usikilizwaji: karatasi mbili zilizochanwa kwenye daftari la mistari, majina arobaini na kitu, na ukishuka kuanzia jina la 20 unaziona saini sita zenye mkia ule ule, kalamu ile ile, mkono ule ule. Aliyeziandika hakuwa na nia mbaya. Wenzake walikuwa zamu ya usiku, naye akaona awapunguzie safari. Upande wa mwajiri haukuhitaji hoja nyingine asubuhi ile. Asiyetia saini mwenyewe hayumo, hata kama alichanga nauli ya kiongozi wenu, na asiyejua kuandika aweke alama ya dole gumba mbele ya shahidi.

Orodha yenu basi iwe na zaidi ya majina. Pigeni mistari, na mbele ya kila jina kuwe na tarehe mtu alipoanza kazi, kazi yake, kiwango chake kwa siku au kwa mwezi, siku alizofanya ambazo hazijalipwa, na jumla. Tuseme kiwango chenu ni shilingi 8,000 kwa siku: aliyefanya siku 24 anadai 192,000 kwa mwezi huo, na jirani yake wa meza ile ile aliyeanza wiki moja baadaye, akafanya siku 18, anadai 144,000. Msiandike kwa jumla kwamba "wafanyakazi 31 wanadai milioni kadhaa". Dai la pamoja ni madai 31 yaliyopanda kivuko kimoja, na kila abiria ana tiketi yake. Akikosea mmoja hesabu, asiwavuruge wengine 30.

Jambo la haraka kuliko yote ni siku. Mgogoro usiohusu kuachishwa kazi unatakiwa ufikishwe Tume ndani ya siku 60 tangu ulipoibuka. Unaohusu kuachishwa kazi ni siku 30. Hesabu kuanzia siku ya malipo ya ule mwezi wa kwanza na utaona kwamba huenda siku zimebaki chache sana, au zimekwisha wiki hii. Kwa hiyo usingoje toleo lijalo la gazeti hili wala ahadi nyingine ya "mwisho wa mwezi". Aliyechelewa anaweza kuomba aongezewe muda kwa kueleza sababu za msingi, lakini kusema "tulikuwa tunaahidiwa" ni sababu ambayo mara nyingi haifui dafu, na maelezo ya kuchelewa yatapaswa kumgusa kila mmoja aliyemo, si kiongozi peke yake.

Kukosa mkataba wa maandishi kusiwatishe. Sheria imemtwika mwajiri wajibu wa kumpa mfanyakazi maelezo ya kazi yake kwa maandishi, na kifungu cha 15 kinaongeza kwamba mwajiri akishindwa kuyatoa mbele ya chombo cha sheria, ni juu yake yeye kuthibitisha au kukanusha sharti la ajira ambalo mfanyakazi anadai lilikuwepo. Hata hivyo msiende mikono mitupu. Kurasa za daftari la msimamizi zenye majina na tarehe, ujumbe wa malipo ya miezi ya nyuma uliobaki kwenye simu, vitambulisho vya kuingilia getini, hata picha mliyopiga mmevaa aproni na buti mkiwa mezani: vyote hivyo vikusanywe, vitolewe nakala, na nakala zikae kwa watu wawili tofauti.

Kuhusu wakala, ushauri wangu ni kuwataja wote wawili, wakala na kiwanda, kama walalamikiwa. Mkimtaja wakala peke yake atasema yeye alipeleka watu tu. Mkikitaja kiwanda peke yake kitasema hakiwajui. Wakiwa wote ndani ya chumba kimoja, kila mmoja atalazimika kueleza ni nani aliyewapangia zamu na ni nani aliyekuwa anawalipa.

Wakili si sharti. Mbele ya Tume mnaweza kuwakilishwa na kiongozi wa chama chenu cha wafanyakazi, na wakili, au na mtu mwingine mliyemchagua. Kwa wafanyakazi wa viwanda na biashara chama kinachofahamika zaidi ni TUICO, na kama baadhi yenu ni wanachama nendeni ofisini kwao kwanza. Kufungua mgogoro Tume hakuna ada, na gharama za upande wa pili hazitozwi ovyo. Mwamuzi anaweza kuamuru zilipwe pale tu ambapo mhusika ameleta shauri la upuuzi au la kusumbua. Lugha nayo haipaswi kuwatisha, kwani tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama na mabaraza ya kutoa haki.

*Ndugu Mwandishi, mdogo wangu anayeishi Marekani ananiambia huko mfanyakazi mmoja anaweza kushtaki kwa niaba ya maelfu, hata wasiojua kama kuna kesi, na wote wakalipwa. Kwa nini sisi tuhangaike na saini? Halafu alisema huko wanalipwa hata muda wa kuvaa buti. — Msomaji, Nyamagana*

Mdogo wako amesema nusu ya habari. Marekani kuna aina mbili za mashauri ya kundi. Iko ile ambayo mahakama ikikubali kundi, kila anayehusika anahesabiwa kuwa ndani mpaka aseme anajitoa. Lakini sheria yao kuu ya mishahara na saa za kazi, ya mwaka 1938, haikuweka hivyo: anayetaka kudai chini yake pamoja na wenzake lazima atoe ridhaa yake kwa maandishi na ridhaa hiyo ipelekwe mahakamani. Kwa maneno mengine, hata huko anayedai mshahara chini ya sheria hiyo ametia saini.

Hilo la buti ni kweli, na kwa wakata minofu wa Mwanza lina utamu wake. Wafanyakazi wa kiwanda cha nguruwe cha kampuni ya Tyson Foods, katika mji wa Storm Lake, jimbo la Iowa, walidai ujira wa dakika walizotumia kuvaa na kuvua vifaa vya kujikinga, na kwenda na kurudi mezani. Kampuni haikuwa imetunza kumbukumbu za dakika hizo kwa kila mtu. Wafanyakazi wakaleta mtaalamu aliyepiga picha za video na kukokotoa wastani: dakika 18 kwa siku kwa wa idara za kukata, na dakika 21 na robo kwa wa idara ya kuchinja. Kampuni ikalalamika kwamba wastani si ushahidi, maana kuna mwepesi wa kuvaa na kuna mzito. Machi 2016 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa majaji 6 dhidi ya 2, iliwakubalia wafanyakazi. Kundi lilikuwa na watu 3,344 na baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limewapa karibu dola milioni 2.9. Hoja iliyowabeba ilikuwa na umri mkubwa, kwani mwaka 1946 mahakama hiyo hiyo ilikwisha kusema, katika shauri la kiwanda cha vyombo vya udongo, kwamba mwajiri asiyetunza kumbukumbu asinufaike na uzembe wake mwenyewe.

Sipendi uchukue uamuzi wa Iowa ukautandaze kwenye meza ya Tume hapa Mwanza, kwa sababu haumfungi mwamuzi wetu. Chukua namna walivyofanya kazi: walipima. Kama mnaingia getini saa 12 kasoro robo na zamu inaandikwa kuanzia saa 12 kamili, andikeni kwa wiki mbili mfululizo, kila siku, nani aliingia saa ngapi. Sheria yetu inaweka saa 45 za kawaida kwa wiki, saa 9 kwa siku, na zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu.

Kwetu pia iko njia inayofanana na ile ya mtu mmoja kusimama kwa niaba ya wengi. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inaruhusu hivyo pale ambapo watu wengi wana maslahi yale yale, na kanuni za Mahakama ya Kazi za mwaka 2007 zina utaratibu wa namna hiyo, lakini ni kwa ruhusa ya mahakama, na wanaowakilishwa ni lazima wapewe taarifa. Si njia ya kumkwepa mwenzako kwa kuwa yuko mbali.

*Ndugu Mwandishi, tulipofunga orodha yetu ya walinzi 14, tajiri alianza kutuita ofisini mmoja mmoja. Anampa mtu nusu ya anachodai taslimu na kumtilisha saini karatasi. Watatu wamekwisha kuchukua. Wengine wanaambiwa wakikataa hawatapangiwa lindo. Tuwafanyeje hawa watatu? — Mlinzi, Nyamagana*

Msiwafanye chochote. Mwenye dai ni mwenye dai, na mtu ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya mchango wa chakula ana haki ya kupokea nusu mkono wake ukiwa huru. Kiongozi wa orodha hana mamlaka ya kumzuia, kama ambavyo hana mamlaka ya kumsainia mtu makubaliano asiyoyataka. Cha kuangalia ni maneno ya karatasi hiyo. Ikisema "nimepokea sehemu ya malimbikizo", nusu iliyobaki bado inadaiwa. Ikisema "nimelipwa stahiki zangu zote na sina dai lolote", basi aliyesaini atapata kazi kubwa kulirudisha dai lake. Waombeni wenzenu waliobaki wasisaini karatasi ambayo hawakupewa nafasi ya kwenda nayo nyumbani, na wakipokea fedha waandike wenyewe kiasi na tarehe.

Kuhusu vitisho vya lindo: kumwachisha mtu kazi kwa sababu ametumia haki aliyopewa na sheria ni miongoni mwa sababu ambazo sheria yenyewe inazitaja kuwa si halali. Tahadhari ni moja, kwamba ulinzi huo wa kutoachishwa isivyo haki haumfikii aliyefanya kazi kwa mwajiri huyo chini ya miezi 6. Wapya wenu walijue hilo kabla ya kusimama mbele. Na akiachishwa mtu, dai lake hilo jipya lina siku zake 30, halikai ndani ya orodha ya mishahara kimya kimya.

Jambo jingine kwenu walinzi, ambao mnalala mchana: siku ya usuluhishi asikosekane mwakilishi. Msuluhishi anaweza kuliondoa lalamiko ikiwa aliyelileta hakufika, na vile vile anaweza kuliamua ikiwa mwajiri ndiye aliyekosa kufika. Nimeona yote mawili yakitokea.

*Ndugu Mwandishi, tukifunga geti la ghala mpaka bosi atulipe, tutakuwa na kosa? — Vijana wa ghala, Nyakato*

Ndiyo. Mgomo halali ni wa mgogoro wa maslahi, kwa mfano kudai nyongeza, tena baada ya usuluhishi kushindikana, kura kupigwa na notisi ya saa 48 kutolewa. Mshahara uliofanyiwa kazi ni lalamiko la haki, na lalamiko linaamuliwa na Tume, haligomewi. Kumfungia mwajiri ndani au kumzuia asiingie kumekatazwa waziwazi hata mgomo ukiwa halali.

*Ndugu Mwandishi, sisi ni wavuvi 12 wa mitumbwi mitatu ya tajiri mmoja. Tunakwenda usiku, asubuhi anaondoa petroli, barafu na chakula, kinachobaki nusu yake na nusu yetu. Tangu msimu uliopita anasema deni la injini halijaisha na hatujapata kitu. Wengine wanasema sisi si waajiriwa, ni washirika wake. Je, tuna pa kwenda? — Mvuvi, Ukerewe*

Neno "tajiri" peke yake linasema mengi. Sijawahi kumsikia mshirika akimwita mshirika mwenzake hivyo. Lakini sheria haitazami jina, inatazama namna kazi inavyofanyika. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vingine, kama angalau moja ya mambo iliyoyataja lipo: anafanya kazi chini ya maelekezo ya mwingine, saa zake zinapangwa na mwingine, anapewa zana za kazi, anamtegemea kiuchumi huyo anayemfanyia kazi, anamfanyia kazi mtu mmoja tu, au amemfanyia kazi kwa wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anayelala ziwani saa 10 kwa usiku mmoja anazimaliza saa 45 usiku wa tano. Nyavu ni za tajiri, injini ni ya tajiri, na ni yeye anayesema leo twende au tusiende.

Sitakuficha kwamba lenu ni gumu kuliko la viwandani. Tajiri anaweza kuleta ushahidi kwamba mlikubaliana kubeba hasara pamoja naye, na kama ni kweli mlikubaliana hivyo, dhana hiyo ya ajira inaweza kuondoka. Hata ikibaki, mtapaswa kuonyesha kilichovuliwa. Hapo mtafuteni mwenye mizani. Samaki wa mitumbwi mitatu hupimwa mwaloni, na wakala anayenunua ana kitabu chake cha kilo na bei. Kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, BMU, nacho huwa na kumbukumbu za mitumbwi na upokeaji wa samaki. Kila mtumbwi uhesabiwe peke yake, usiku kwa usiku, kisha watu wake wanne wagawiwe. Mnaweza kuungana wote 12 kwa kuwa tajiri ni mmoja, ila msichanganye mapato ya mtumbwi ulioshiba na ule uliorudi mtupu. Na kwa kuwa msimu uliopita umekwisha kupita, ombi la kuongezewa muda liandaliwe pamoja na fomu.

*Ndugu Mwandishi, tulikuwa vibarua 22 wa ujenzi. Tulishinda Tume, tukapewa tuzo. Mwajiri hajalipa, na tulipokwenda kufuatilia tukaambiwa tuzo yetu haina hesabu. Maana yake nini? — Fundi, Sengerema*

Tuzo ya Tume, yaani uamuzi wake wa maandishi, inakazwa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, kama hukumu ya mahakama, kwa kuomba akaunti, magari au mali nyingine ya mwajiri ikamatwe. Mwajiri ana wiki 6 tangu alipopokea tuzo kuomba mapitio, na mahakama inaweza kusimamisha utekelezaji ikisubiri uamuzi wake. Angalieni kwanza kama ameomba.

Walichokuambia kuhusu hesabu kina maana hii: tuzo inayosema "walalamikaji walipwe stahiki zao" bila kutaja nani alipwe kiasi gani haikamatiki popote, kwa sababu anayetumwa kukamata gari hajui akamate la shilingi ngapi. Kifungu cha 90 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini kinamruhusu mwamuzi kusahihisha kosa la uandishi au lililotokana na kupitiwa, kwa maombi ya mhusika au kwa hiari yake. Rudini Tume na namba ya mgogoro wenu, tuzo yenyewe, na ile orodha mliyoambatanisha siku ya kwanza. Kama orodha ilikuwa na tarakimu mbele ya kila jina, mnaomba zilizosahauliwa ziingizwe. Kama ilikuwa na majina matupu, itabidi mumwone wakili au msaidizi wa kisheria kabla ya kuandika lolote, kwa kuwa kuongeza hesabu mpya si kusahihisha, na mwajiri atalisema hilo siku ya kwanza.